Hakuna Yaya Marekani

Ndugu zangu mnaoishi Laurel, nanyi wa Gaithersburg, nanyi mlioko mbali mnaodhani huku kwetu watu hawalii, vuteni viti mkae. Wenye hadithi hii wangependa isisimuliwe. Lakini wao wenyewe waliponipa ruhusa walisema, kama kuna nyumba nyingine inayojiandaa kama yetu, ni afadhali isikie mapema.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, majira ya baridi yamekwisha na miti imeanza kutoa majani. Bupe alikuwa amekaa sakafuni katika chumba kisicho na mtu. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya manjano hafifu, na vitanda viwili vidogo vilikuwa vimetandikwa mashuka ambayo bado yana mikunjo ya dukani. Nje, treni ya mizigo ilipita polepole kuelekea Baltimore, mabehewa hayaishi, na kioo cha dirisha kikawa kinatetemeka kwa sauti ndogo. Jua liliingia likajilaza kwenye zulia, na Bupe akafumba macho.

Akamsikia mtoto wa kiume akimuuliza, "Mama, treni ile inakwenda wapi?"

"Inakwenda mbali, mwanangu," akajibu kwa sauti kabisa. "Lakini na sisi siku moja tutaipanda."

Ungepita mlangoni wakati ule ungesema dada huyu amerukwa na akili. Akili alikuwa nazo timamu. Kazini kwake, maabara moja kubwa kule Gaithersburg, walimkabidhi mambo ambayo mimi na wewe hata kuyatamka hatuwezi. Alichokuwa nacho ni hamu. Mimba zake zilikuwa zimeharibika, moja baada ya nyingine, na yeye na mumewe Elisante walikuwa wamefika mahali ambapo watu wa jumuiya wameacha kuwauliza. Nyinyi mnajua, watu wakiacha kuuliza huuma kuliko wanapouliza.

Basi Bupe akajizoeza kuota ndoto akiwa macho. Aliota akiwa kwenye foleni ya magari barabara ya 270, aliota akikunja nguo, aliota mchungaji akihubiri. Mwanzoni watoto wa ndoto zake hawakuwa na sura. Baadaye wakapata sura na majina: Gédéon, mvulana aliyekuwa ameng'oka meno ya mbele, na mdogo wake Jaël, msichana mwenye macho makubwa ambaye alipenda kukaa karibu sana na kamera mpaka unaona paji la uso tu.

Hawa walikuwa yatima wa Kikongo. Vita viliwaondolea wazazi, wakavushwa hadi mji mmoja mdogo kando ya Ziwa Tanganyika, wakapokelewa katika kituo cha watoto kilichoongozwa na bwana mmoja mpole wa maneno aitwaye Macaire. Bupe na Elisante walikuwa wameomba kuwaasili. Mambo ya ofisini yalikuwa yamekaribia mwisho. Kilichobaki ni afisa ustawi wa jamii, mama mmoja Mmarekani aitwaye Violet, kuja nyumbani kwa mara ya mwisho, na baada ya hapo safari.

Simu ya video ya kila Jumamosi kutoka kituoni ikalia. Bupe akaruka, akampigia kelele mumewe, "Elisante! Watoto!" Elisante akatoka bafuni na povu la kunyoa shavu moja, akakaa naye sakafuni.

Kwenye kioo cha simu alikuwepo Gédéon, amevaa shati lililofuliwa vizuri, nywele zimechanwa. Jaël alikuwa amemwegemea.

"Shikamoo mama, shikamoo papa," akasema Gédéon.

"Marahaba, wanangu! Mmependeza! Nani kawachana nywele vizuri hivyo?"

"Ni yaya," akasema Gédéon.

"Na nani anawapikia?"

"Yaya. Yaya njo anatupikiaka. Na anatulalishaka."

Bupe alisikia kitu kikimchoma chini ya moyo. Alikijua, na nitakitaja kwa jina lake: wivu. Kule kituoni kuna mtumishi, yaya wa kulipwa, anayewachana nywele wanawe na kuwalaza, wakati yeye mama yao amekaa na chumba kitupu. Akatabasamu akauficha.

Jaël akasogea mpaka macho yakajaa kioo. "Na yaya atakuya na sisi?"

"Hapana, mama," Bupe akasema kwa sauti tamu. "Huku Marekani hakuna yaya. Huku mama mwenyewe ndiye anapika, mama mwenyewe ndiye analaza watoto. Yaya atabaki hukohuko kwenye kazi yake."

"Hakuna yaya?" Gédéon akauliza.

"Hakuna kabisa! Mtanizoea mimi."

Watoto wakatazamana. Kisha simu ikaanguka, kukawa giza, na sauti kama ya mtoto anayekoroma au kulia ikasikika kwa mbali. Elisante akasema, "Ni network tu hiyo." Bupe naye akakubali ni network, maana moyo unaotaka jambo lake huwa hauna haja ya kuchunguza.

Baadaye siku hiyohiyo akampigia Macaire. Alizungumza kwa heshima zote, lakini alichosema alikisema.

"Baba Macaire, huyo yaya wao. Naona wamemganda mno. Nimesoma article nyingi kuhusu attachment, wakija huku na mtu mwingine kichwani hawatanipokea. Hakuna namna mkamwondoa kidogo, wakaanza kuzoea?"

Macaire alinyamaza kidogo. Laiti Bupe angeuliza kwa nini amenyamaza! Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini sisi wenye shahada tunaona aibu kuuliza tusichojua, na tunaona aibu zaidi kuuliza tunachodhani tunakijua.

"Hapana shida, mama," Macaire akasema mwishowe. "Nitapanga ile mambo. Usikuwe na wasiwasi."

Ikapangwa.

Simu zilizofuata zilikuwa fupi. Gédéon alisalimia vizuri kama aliyefundishwa. Jaël hakusema lolote. Alikaa mbali na kamera, mikono mapajani, akitazama pembeni mahali ambapo Bupe hapaoni.

"Jaël, mama, mbona kimya? Unaumwa?"

"Hasemake tena," Gédéon akajibu kwa niaba yake.

Macaire akaingiza uso wake kwenye kioo. "Ametulia, mama. Ni dalili nzuri. Anazoea."

Na Bupe akamwambia mumewe, "Unaona? Wameanza kutulia." Akaenda akanunua taa ndogo ya kuwasha usiku yenye umbo la mwezi, akaiweka kati ya vitanda viwili, akakaa pale akiitazama kwa muda mrefu huku mwanga wake ukipanda ukutani kama maziwa yanayochemka. Aliwaona wamelala. Aliwafunika. Alisikia pumzi zao.

Akina mama wa jumuiya wakaamua Bupe afanyiwe sherehe. Wakaiita baby shower ya watoto wakubwa, wakacheka sana na jina hilo. Walikutana Gaithersburg nyumbani kwa mwenyekiti wa kikundi, Mkenya mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na walikuja wa kila aina: Watanzania wa bara na wa pwani, Wakenya, Warundi, Wakongo, Wakristo na Waislamu. Kulikuwa na pilau, sambusa, fufu na sombe, na keki moja ya dukani ambayo watoto waliimaliza kabla ya maombi.

"Bupe, si ukule!" mwenyekiti alimfokea. "Leo wewe ndio bibi arusi. Hizi coat zote ni za watoto wako, na winter ya huku itawachapa, shauri yao!"

Bupe alikuwa amesimama kwenye ngazi za nyuma na sahani yake, akiwatazama watoto wakicheza mpira kwenye nyasi. Kila mvulana alikuwa Gédéon, kila msichana alikuwa Jaël. Alikuwa katika ndoto zake, na zilikuwa tamu.

Mtoto mmoja mdogo wa kiume akajikwaa kwenye ngazi, akaangukia goti, akaanza kulia. "Yaya! Yaya eeeh!"

Bupe akaweka sahani, akamwinua. Mtoto akajinyonga mikononi mwake kama samaki, akilia zaidi, "Yaya! Minataka yaya!"

"Mtoto wa nani huyu?" Bupe akauliza.

"Wangu huyo," akajibu Mama Abigail, Mkongo aliyekuwa anafanya kazi ya kutunza wazee huko Laurel na ambaye Bupe hukaa naye kiti kimoja kanisani.

"Eh, Mama Abigail! Kumbe mmeajiri yaya, hapa Marekani! Na sisi tunadhani wote tuko sawa!"

Wanawake wakacheka. Mama Abigail akacheka kuliko wote, akajipiga paja.

"Yaya gani wa kuajiri, mama! Nitamulipa na nini? Anamuita Abigail. Kwetu yaya ni mukubwa wako. Dada yako mukubwa, kaka yako mukubwa, yule mumezaliwa tumbo moja. Yaya Abigail!"

Na kweli, kutoka ndani akatoka binti mmoja wa shule ya sekondari, masikio yamezibwa na vipokea sauti, akisema kwa Kiingereza kwamba anakuja, kelele za nini. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa Bupe. Mtoto akalaza kichwa begani mwake, akanyamaza palepale.

Wengine wakarudi kwenye hadithi zao. Bupe alibaki amesimama na mikono mitupu. *Yaya njo anatupikiaka. Na yaya atakuya na sisi?* Akajisikia akijibu, kwa sauti ile tamu: *Hakuna kabisa.* Kisha akajisikia akisema na Macaire, akakaa kwenye ngazi. Mwenyekiti akadhani ni furaha. Akamletea maji, akasema akina mama, mwacheni, uzazi si mchezo.

Ndugu zangu, hapa ndipo pa kusikiliza vizuri. Kosa la kwanza lilikuwa la lugha, na kosa la lugha Mungu hulisamehe kabla hujaomba. Sisi huku tunazungumza Kiswahili kimoja chenye mama wengi, na neno moja linaweza kuwa mtumishi Mbeya na likawa damu yako Bukavu. La pili ndilo lililokuwa dhambi. Kwa sababu Bupe alipojua, alinyamaza.

Alinyamaza njia nzima ya kurudi, makoti madogo yakiwa yamejaa kiti cha nyuma na Elisante, aliyekuja kumchukua, akipiga mluzi kwenye usukani. Alisema moyoni, labda ni yaya kweli, wa kulipwa. Alisema, labda ni dada lakini ana maisha yake. Alisema, mambo yamefika mwisho, nikifungua mdomo sasa wanangu watapotea. Tena alisema *wanangu*, na neno hilo likamfunga mdomo kabisa.

Violet akaja siku yake. Alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vya kutembelea na tabia ya kukaa kimya baada ya kuuliza. Akatazama chumba cha manjano, akasifu taa ya mwezi. Wakakaa sebuleni, wakanywa chai ya maziwa ambayo Violet alijifunza kuipenda katika nyumba hiyo.

"Tangu tulipoonana mara ya mwisho," akauliza, "kuna jambo lolote jipya mmelijua kuhusu familia ya watoto? Ndugu yeyote?"

"Hapana," Elisante akasema.

Violet akamgeukia Bupe, akakaa kimya kwa namna yake.

"Hapana," Bupe akasema.

Neno lenyewe dogo, lakini heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Violet akatabasamu, akawakumbatia wote wawili, akaenda zake.

Kuanzia hapo zile ndoto zikabadilika. Bupe alifumba macho kama kawaida akaingia chumbani mwa watoto, akawakuta wamesimama dirishani wamempa mgongo. Akawaita kwa majina. Hawakugeuka. Akasogea, akaona hata akiwashika mabega hawageuki, wanatazama nje tu, na kila alivyojitahidi kuona wanachokitazama, dirisha lilijaa ukungu kama wa mvuke wa chai. Ilimtokea kanisani, ikamtokea kazini, ikamtokea akiwa amesimama kwenye taa nyekundu mpaka gari la nyuma likampigia honi. Akaanza kuukwepa mlango wa chumba kile. Akaufunga.

Jumapili moja mchana Elisante alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori. Alipika mtori kila Jumapili, na siku hiyo alikuwa akisema jinsi atakavyomfundisha Gédéon kumenya ndizi kwa kisu bila kujikata. Bupe hakuweza tena.

"Yaya wao ni dada yao," akasema.

"Yaya gani?"

Akamweleza yote. Mtoto wa Mama Abigail, goti, kucheka. Akamweleza na maneno aliyomwambia Macaire, ambayo Elisante hakuwahi kuyasikia.

Elisante akaweka kisu chini. "Ulijua lini?"

"Siku ya sherehe."

"Kabla ya Violet kuja."

"Kabla."

"Mimi nilisema hapana kwa sababu sikujua, Bupe. Wewe ulisema hapana huku unajua."

"Nilitaka watoto, Elisante!"

"Na mimi je?" Alipiga meza, ndizi zikaruka. "Unadhani mimi sikutaka? Nimekaa na wewe kwenye zile hospitali zote, unadhani nilikwenda kusoma magazeti?" Kisha akageukia sinki, akafungua maji yakatiririka bure. Aliposema tena alisema polepole. "Tumpigie Macaire. Sasa hivi."

Macaire hakukana. Labda alikuwa amechoka kukana.

"Ndiyo, mama, ni dada yao. Anaitwa Anysie. Ni yeye aliwavusha kwa mugongo, Jaël alikuwa angali anabebwa. Lakini umri wake umepita, hawezi kuasiliwa, na nikamuandika kama mufanyakazi ili abaki karibu nao. Alikuwa anatufulia. Niliona nikisema wazi, hakuna mutu ya kukamata watoto wenye wako na mukubwa wao nyuma. Nilitaka wapate baraka."

"Yeye anajua wanakwenda wapi?" Elisante akauliza.

"Anajua wanaenda kusoma. Nilimuambia watarudiaka vakansi, wakati masomo inafungwa."

Bupe alishika ukingo wa meza. "Yuko wapi sasa?"

"Mama, si wewe ulisema aondolewe?" Macaire akasema, bila ukali wowote. "Nilimuondoa. Anauzisha ndagala, ile dagaa ya ziwa, sokoni. Lakini kila jioni anakuya anakaa nje ya lupango, ile ua yetu, pale kwa ukuta, mpaka watoto walale. Hatumufukuze tena. Hasemake kitu. Anakaa tu."

Elisante alimtazama mkewe, naye mkewe alilia, si kilio cha kujionea huruma, kile kingine, cha mtu aliyejiona. Huko ziwani jua lilikuwa linakaribia kuzama. Macaire akatoka na simu hadi ukutani. Wakasikia hatua zake kwenye changarawe, wakasikia akimwita mtu.

Uso uliotokea ulikuwa wa binti mwembamba, kitambaa kichwani, macho makubwa. Yalikuwa macho ya Jaël.

"Mama Bupe," akasema, akaishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa sahani ya wageni. "Aksanti sana. Nilikuwa nataka kukuambia maneno kidogo, na hawakunipa nafasi. Jaël analalaka akishika sikio. Kama hana sikio ya kushika, halali. Na Gédéon, kukiwa radi, umuambie akuimbie, ataimba mpaka asahau. Na wasile pondu ya jana, inawasumbuaka tumbo." Akavuta pumzi. "Vakansi yao ni mwezi gani, mama? Nianze kutafuta nyumba ya kuwapokelea."

Bupe alitazamana na mumewe. Elisante hakumsaidia, jambo lilikuwa lake.

"Anysie," akasema. "Hakuna likizo. Wakija huku watakuwa watoto wetu kisheria. Hawatarudi. Hukuambiwa ukweli."

Binti akaishusha simu kidogo. Nyuma yake ukuta ulikuwa unageuka rangi ya kahawia kwa jua la mwisho.

"Na ni mimi niliyesema uondolewe," Bupe akaendelea. "Nilidhani wewe ni yaya wa kazi. Kwetu neno hilo lina maana nyingine. Niliposikia maana yake ya kwenu, nikanyamaza."

Binti akageuka akautazama ukuta aliokuwa akikaa kando yake kila jioni. Kisha Anysie akasema jambo ambalo Bupe hakulitarajia.

"Basi waende."

"Nini?"

"Waende, mama. Huko watakula. Watasoma. Mimi na ndagala yangu, nitawapa nini? Waende. Nitazoea."

Ndugu msomaji, ukitaka kujua mtu ameumbwa na nini, mtazame anapopewa anachokitamani na mwenye haki ya kukitoa. Mlango ulikuwa wazi. Dada mwenyewe amesema waende, nani angemlaumu Bupe? Hata Violet, pengine, angekubali ridhaa ile. Vitanda vimetandikwa. Makoti yananing'inia. Bupe alihisi ndoto zake zote zimesimama mlangoni zikimngoja aseme asante.

"Kama ungekuwa na chakula," akauliza, "na chumba, na ada ya shule yao. Ungesema waende?"

Anysie akatikisa kichwa polepole. Ndipo machozi yakamtoka. "Hapana, mama. Singewatoa kwa mutu."

"Basi hujawatoa," Bupe akasema. "Ni njaa ndiyo iliyokuwa inakunyang'anya, na mimi nilikuwa naishikia njaa mlango."

Elisante akamshika mkono.

Siku iliyofuata Bupe alimpigia Violet akamwambia yote, pamoja na ule uongo. Violet akasema ameumia, kisha akasema asante. Shauri lile likafungwa, na Bupe na Elisante wakaambiwa itachukua muda mrefu kabla hawajafikiriwa tena, kwa sababu aliyedanganya mara moja hupimwa kwa mizani nyingine. Walilikubali. Jumuiya nayo, mnaijua. Wako waliosema Bupe ni mjinga, amerudisha samaki majini na kikaango kiko motoni. Wako waliosema hao watoto wangekuja huku, huyo dada angeolewa, yangekwisha. Wako waliodai zawadi zao. Mwenyekiti wa kikundi aliwanyamazisha kwa sauti yake, akakusanya makoti madogo akayapeleka kwa familia ya Kirundi iliyokuwa imefika karibuni.

Kule ziwani kikapatikana chumba na ua wenye bomba la maji. Bupe na Elisante walikilipia, na wakalipia shule, wakisaidiwa na wachache waliojua siri yote. Macaire aliwaruhusu watoto kuhamia kwa dada yao, na nasikia sasa anapoandika jina la mtoto huuliza kwanza nani anamchana nywele.

Jumamosi ya kwanza baada ya kuhama, Anysie akapiga simu. Gédéon alionyesha kila kitu: kitanda, jiko, sufuria, kuku wa jirani. Jaël alikuwa amekaa mapajani mwa dada yake, vidole vyake vimeshika sikio la dada.

"Jaël, msalimie Mama Bupe," Anysie akasema.

Jaël akasogea karibu na kamera, karibu mno, mpaka macho yakajaa kioo kama zamani. Hakuwa amesema neno tangu siku dada yake alipotolewa kituoni.

"Ni wewe ulimufukuza yaya," akasema.

"Jaël!" Anysie akashtuka. "Haya, omba samahani! Huyo ni mama!"

"Mwache," Bupe akasema. Akainama karibu na kioo. "Amesema kweli. Ndiyo, Jaël. Ni mimi. Nilikosa sana. Nisamehe."

Mtoto akamtazama, kwa ule utazamaji wa watoto usio na haraka wala huruma. Hakusema amesamehe. Akageuka akamwambia dada yake, "Yaya, njaa." Simu ikawekwa juu ya meza, kamera ikitazama dari, na hakuna aliyekumbuka kuizima.

Kikaonekana kipande cha bati, na boriti moja, na mwanga wa alasiri ukicheza juu yake. Chini yake vyombo vikagongana. Gédéon akalalamika kwamba samaki wake ni mdogo. Anysie akacheka. Jaël akasema kitu, kisha kingine, kisha akawa haachi kusema. Elisante akaja akakaa sakafuni kando ya mkewe, akauliza wanaangalia nini.

"Wanakula," Bupe akasema.

Wakakaa pale wawili, katika nyumba yao ya Laurel isiyo na mtoto, wakitazama bati la watu mpaka chaji ya upande wa pili ikaisha.

Funzo

Wapendwa, kumlea yatima ni thawabu, na hadithi hii haikuja kumkataza mtu. Mwenye nafasi moyoni na nyumbani alee. Lakini ajiulize kwanza anatafuta mtoto wa kumsaidia au anatafuta mtoto wa kumponya yeye. Maana ukimtaka mtoto akuponye, utaziba masikio kila anapolia kwa sababu isiyokuhusu. Mtoto aliyefiwa na wazazi si mtoto asiye na mtu. Mara nyingi yupo bibi, yupo mjomba, yupo yaya, na huyo ndiye wa kuulizwa kabla ya ofisi yoyote. Tena aulizwe akiwa ameshiba, kwa sababu mwenye njaa atatoa hata jicho lake na kusema asante. Nasi tunaokutana huku kutoka nchi nyingi na Kiswahili chetu cha namna nyingi, tusione haya kusema, "Kwenu neno hilo lina maana gani?" Bupe angeuliza hivyo Jumamosi ile, Jaël asingenyamaza hata siku moja.